Ati sina mkono: uzoefu wangu na huduma ya mapishi rahisi

"Dada, mapishi hayana kosa. Mkono ndio huna."

Maneno hayo nimeyasikiliza si chini ya mara kumi. Ni sauti ya sekunde tisa tu, imetumwa kwenye kundi la watu zaidi ya mia mbili, na mwenye kuambiwa ni mimi, niliyelipa shilingi 300 za mwezi ili nifundishwe. Wenzangu wa bara huenda msione uzito wake. Hapa Mombasa ukimwambia mwanamke hana mkono, yaani hajui kupika, umemtukana yeye pamoja na aliyemlea.

Nianze mwanzo. Huduma ni ya mama mmoja wa hapa hapa mjini, jina lake nalihifadhi. Unalipa kwa simu, unaingizwa kwenye kundi la WhatsApp, na kila Alhamisi jioni analeta pishi jipya: video fupi, orodha ya vitu vinavyotakiwa, na sauti yake akieleza. Ahadi yake ni mapishi mepesi ya mtu anayetoka kazini amechoka. Mtu huyo ni mimi. Nafanya kazi Changamwe na nakaa Kisauni. Nikishamaliza foleni ya Daraja la Nyali, nguvu za kukuna nazi na kusaga viungo sina tena. Nikajiunga siku chache kabla ya mfungo, na furaha yote.

Na nisimdhulumu, pishi la kwanza lilikuwa zuri. Tena zuri sana. Lilikuwa samaki wa kupaka, lakini wa kuchomwa juu ya kikaango cha gesi badala ya makaa. Mimi miaka yote tui langu likipata moto linakatika, mafuta huku, maji kule, na mchuzi unaonekana kama maziwa yaliyoharibika. Yule mama akasema tui zito likishabandikwa usiondoke, koroga upande mmoja mpaka lichemke, na ukwaju uje mwisho, mchuzi ukishashikana. Nikafanya vile vile. Changu wangu nilimtia thomu, tangawizi, pilipili na ndimu, nikamchoma kwanza, halafu nikampaka mara tatu nikimgeuza. Mwanangu wa miaka kumi na moja, ambaye samaki humla kwa kulazimishwa, alichukua kichwa akakifyonza mpaka mifupa ikawa myeupe. Usiku ule niliwaandikia dada zangu wote wawili wajiunge. Mmoja alijiunga.

Ndio maana nimeumia hivi.

Wiki iliyofuata akaleta mkate wa sinia, na wiki hiyo ndiyo mamangu alikuwa anakuja kutoka Lamu. Mamangu hapiki tena. Macho yamepungua, hawekwi karibu na moto. Lakini mkate wa sinia katika nyumba yetu ulikuwa wake. Namkumbuka na seredani uani, sufuria juu ya makaa, na makaa mengine ameyapanga juu ya kifuniko, akiyapepea huku anasema nasi bila kugeuka. Sikujifunza. Nilipokuwa na umri wa kujifunza nilikuwa bweni, na niliporudi nikaingia kazi. Kwa hivyo nilipoona "mkate wa sinia, rahisi, wa blenda na gesi", niliona ni riziki. Nilitaka ashuke basi, aoge, awekewe mkate nilioupika mimi na kahawa tungu.

Orodha yake ilikuwa hivi: mchele vikombe viwili, tui kikombe kimoja na nusu, sukari nusu kikombe, hamira kijiko kimoja cha chai, iliki ya kiasi. Mchele ulale majini usiku kucha. Halafu, na maneno haya nayanukuu kama yalivyoandikwa, "saga na tui la moto, tia hamira, funika ufure".

Tui la moto.

Nikalichemsha. Kwani ningefanya nini? Video inamwonyesha akimimina kutoka sufuria, na moshi huwezi kuona kama upo au haupo. Nikasaga mchele na tui linatokota, nikatia sukari na hamira, nikafunika kwa kitambaa, nikaweka juu ya kabati. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, na joto la Mombasa mwajua wenyewe, hapa unga wa mahamri ukiusahau kidogo unamwagika nje ya bakuli. Saa nzima ikapita. Nikafunua: uji. Saa ya pili: uji, na juu umefanya utando kama wa maziwa yaliyopoa. Hakuna povu hata moja. Nikaunusa, hauna ile harufu ya uchachu mtamu ambayo naijua tangu utotoni. Ulinukia iliki na nazi basi. Saa ya tatu mamangu alikuwa Buxton, ndani ya tuktuk, na mimi nikamimina hivyo hivyo kwa kuwa sikuwa na la kufanya.

Uliotoka haukuwa mkate. Ulikuwa kitu kizito, kimeganda, kisu kikiingia kinatoka na tope.

Mamangu hakusema neno baya. Alimega kipande, hakukitia mdomoni, akakibonyeza kati ya kidole gumba na cha shahada. Macho yake hayaoni vizuri, lakini alikibonyeza mara mbili tu akaniambia, "Mwanangu, hamira umeiua. Tui lilikuwa moto."

Mara mbili tu. Akanifundisha papo hapo, ameketi kitandani na buibui lake bado. Hamira ni kitu hai, ikipata vuguvugu inaamka, ikichomwa inakufa, na ikishakufa hata ukiisubiri siku mbili haifufuki. Tui utie kidole. Kama unaweza kukiacha humo ukahesabu kumi bila kukitoa, ndilo hilo. (Baadaye nilisoma kwamba ikifika nyuzi joto 60 hamira yote inakuwa imekufa. Mamangu hajawahi kushika kipimajoto, na kidole chake kinajua.) Akaniuliza na mchele niliotumia. Nikamwambia wa biriani, ule mrefu wa manjano. Akasema ule umeshachemshwa kiwandani, hausagiki ukawa laini, nitafute pishori. Orodha ya yule mama iliandika "mchele wowote".

Hapo sasa ndipo nilipoandika kundini. Na nataka msomaji anihukumu kwa nilichoandika, kwa hivyo nakiweka chote: "Mama, shikamoo. Samahani, nadhani kwenye pishi la mkate kuna neno limeteleza. Tui liwe la uvuguvugu, likiwa la moto hamira inakufa. Wangu umekataa kufura. Na mchele usiwe wa manjano. Nimesema ili wenzangu wasije wakapoteza mchele wao." Basi. Sikudai pesa. Sikusema hajui.

Jibu likaja ile sauti. Sekunde tisa. Nyuma yake nasikia redio na watu wakicheka, sijui walikuwa wakinicheka mimi au mambo yao, lakini nimeshaingiwa na fikira kwamba ni mimi. Wanakundi wakaanza kutia vile vikatuni vya kucheka machozi. Mmoja akaandika, "Wengine tuwaachie hoteli." Dada yangu yumo mle kundini, alisoma yote, akanyamaza. Na yeye nina lake naye.

Niliweka simu chini. Mamangu akaniuliza nani huyo anayesema, nikamwambia ni tangazo.

Lakini hilo silo lililonitoa machozi. Jioni ile ile, baada ya magharibi, nikarudi kutafuta orodha ili nimwonyeshe mume wangu lile neno. Halipo. Ujumbe umefutwa, na chini kabisa umewekwa mwingine, orodha ile ile, mpangilio ule ule, isipokuwa pameandikwa "tui la uvuguvugu" na "mchele usiwe wa manjano". Hakuna samahani. Hakuna "nimesahihisha". Na ile sauti ya kwamba sina mkono imebaki juu pale pale, haikufutwa, kila anayejiunga leo anaikuta.

Kwa hivyo alijua! Alijua nasema kweli, akachukua marekebisho ya mamangu akayafanya yake, na mimi akaniacha na aibu. Tangu siku hiyo hata yale mazuri yake yananichukiza. Ile sauti yake ya "karibuni wapenzi wangu" ninaisikia kama mchanga kwenye meno. Vikombe navyo, sasa ndio naona. Kikombe gani? Nyumbani kwangu kuna finjani za kahawa na vikombe vya chai. Nilichukua chupa ya maji ya nusu lita nikapima: kikombe changu cha chai kinajazwa mara moja na nusu, maana yake kinachukua kama mililita 330, na kikombe cha vipimo vya mapishi ni 250. Mchele na tui vikipimwa kwa kikombe kimoja havigombani, vinaongezeka pamoja. Hamira je, ya kijiko? Inabaki pale pale, kidogo kwa unga mwingi. Mwalimu anayelipwa hakupaswa kulisema hilo? Mamangu angelisema.

Mtu ataniambia ni shilingi 300 tu. Ni kweli, si pesa za kumkosesha mtu usingizi. Mchele, nazi mbili, iliki ya Marikiti, gesi, hivyo pia ningesamehe. Pishi kukataa ni kawaida, hata wakongwe mikate inawakataa siku nyingine. Angesema tu "nimeteleza, mwanangu", ningemtetea kwa nguvu zangu zote.

Jumatatu nikajaribu tena. Pishori, imelala majini usiku mzima. Nazi nilikuna mwenyewe juu ya mbuzi, nikachuja tui la kwanza. Mamangu alikaa kwenye kiti mlangoni mwa jiko, nikampelekea bakuli, akatia kidole na kuhesabu kwa sauti mpaka kumi. "Tia sasa." Nilisaga mpaka nikiusugua kwa vidole siisikii chembe. Haikupita saa, kitambaa kimeinuka. Nikafunua nikaona povu linapasuka pole pole, na harufu ikanijia, ile ile. Akanikataza kukoroga sana, nisiue pumzi yake. Jirani alituazima seredani. Sufuria ikapata moto kwanza, samli ikapakwa, tukamimina, na mkate ulipoanza kutoboka vitundu juu nikapanga makaa kwenye kifuniko. Ulitoka kahawia, ukingo mkavu, katikati laini unayumba. Mamangu alikula vipande vitatu. Kile cha tatu alikichovya kwenye kahawa.

Nilipiga picha. Sikuipeleka kundini. Niliiandaa kabisa, hata maneno nilishaandika, halafu nikafuta.

Sasa hukumu yangu. Nilipoanza kuandika nilikuwa nimeazimia kusema msijiunge, kaeni mbali naye. Nikikumbuka samaki yule nashindwa. Tui langu halijakatika tena tangu siku ile, na hilo ni yeye, si mwingine. Kama wewe ni mgeni jikoni na hutauliza kitu, jiunge, utafaidika. Ukiwa mtu wa kuuliza, au ukiwa na mama aliye hai anayekumbuka, sioni unamlipia nini. Lakini hapana, nikiirudia ile sauti damu yangu inachemka, na mtu anayefuta kosa lake akaacha tusi lake, mimi simwiti mwalimu, hata akinipa biriani ya kifalme.

Mwezi wangu umekwisha juzi. Ujumbe wa kulipia umeingia, pamoja na tangazo kwamba Alhamisi hii analeta mbaazi za nazi na mahamri yasiyonywa mafuta. Sijalipa na sijatoka. Mahamri yangu yananywa mafuta. Aniombe radhi pale pale, mbele ya wale wale mia mbili, aifute ile sauti, nami nitamtumia zile 300 saa hiyo hiyo.