Dagaa usiku au sangara mchana: kupanga safari ya uvuvi Mwanza

Anayetaka kuandamana na wavuvi wa dagaa hana budi kutazama mwezi kwanza, kwa kuwa taa, ambazo siku hizi nyingi ni za sola badala ya karabai, huwavuta dagaa vizuri penye giza totoro. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi mingi hubaki mwaloni. Usiku wa kuvua dagaa ni mrefu na wenye upepo, lakini kuona maji yakimetameta kwa samaki chini ya taa kunafidia usumbufu wote.

Sangara kwa ndoano huvuliwa hata mchana, jambo linalowafaa zaidi wenye watoto, ingawa sheria hairuhusu kuvua aliye chini ya sentimita 50. Jaketi okozi ni lazima kote kuwili. Binafsi ningechagua dagaa.