Mulligatawny ya Seinfeld jikoni kwako: nyota 4 kati ya 5

Wapenzi wa Seinfeld, kipindi cha vichekesho cha televisheni ya Marekani, wanaikumbuka sehemu iliyorushwa Novemba 2, 1995: foleni ndefu Manhattan, New York, duka dogo la supu, na muuzaji mkali asiyetaka soga. Agiza, lipa, sogea. George, mmoja wa wahusika, anauliza mkate wake, anaambiwa ni dola 2 zaidi. Anapolalamika inakuwa dola 3, na mwisho anakosa mkate na supu pia. Kati ya supu zinazotajwa humo, inayostahili kupikwa nyumbani ni mulligatawny. Ile ya kaa inadai magamba na malai kwa wingi, na jambalaya, tukisema kweli, ni wali.

Mulligatawny ilizaliwa India Kusini. Jina ni la Kitamil, maana yake maji ya pilipili. Waingereza wa enzi za ukoloni ndio walioinenepesha kwa nyama. Kwa hiyo pilipili manga humo si pambo. Ukiipunguza kwa sababu ya watoto, unabaki na supu ya dengu. Tamu, lakini si hii.

Inayopimwa hapa ni ile ya kuku, dengu nyekundu, tufaha na tui la nazi, ya mabakuli 6. Inachukua saa moja na robo hivi, na robo saa ya hapo ni kumenya na kukatakata.

Vitu vyake: samli vijiko 2 vya chakula, vitunguu maji 2, karoti 2, tufaha 1 chachu, kitunguu saumu punje 4, tangawizi gramu 20, mapaja ya kuku yenye mifupa gramu 600, dengu nyekundu gramu 150, maji lita 1.5 na tui zito mililita 200. Viungo ni bizari ya mchuzi kijiko kimoja na nusu cha chakula, bizari nyembamba kijiko 1 cha chai, na pilipili manga iliyotwangwa muda huohuo, kijiko 1 cha chai kilichojaa. Tafuta ndimu 1 na kotimiri kwa ajili ya mwisho.

Sehemu inayoamua kila kitu haizidi dakika moja. Kaanga vitunguu kwa moto wa wastani dakika 10 hadi 12, vilainike na kingo zianze kugeuka rangi. Tia tangawizi na kitunguu saumu, koroga nusu dakika, kisha mimina viungo vyote vya unga. Hapo simama na mwiko mkononi na kikombe cha maji karibu. Bizari inahitaji kukutana na mafuta ya moto ili iachie harufu. Ikitiwa moja kwa moja kwenye maji, supu inabaki na ladha ya vumbi hata ichemke saa nzima. Lakini pia inaungua upesi. Sekunde 40 hadi 60 zinatosha, halafu maji yaingie. Ikishakuwa nyeusi na kutoa harufu kali ya moshi, mwaga uanze upya. Tui haliuondoi uchungu ule, wala sukari.

Baada ya hapo kazi ni nyepesi. Ongeza karoti, tufaha lililomenywa na kukatwa vipande vidogo, dengu zilizooshwa mpaka maji yatoke safi, kuku, maji yaliyobaki na chumvi kijiko 1 cha chai. Ikichemka, engua povu, punguza moto, acha itokote dakika 35. Ukitumia vidonge vya supu, usitie chumvi mpaka mwisho. Vidonge vina chumvi ya kutosha na zaidi.

Mbona ndimu inangoja mwisho? Kwa sababu asidi huzuia dengu kulainika. Wanaotia nyanya nyingi au ndimu mapema hulaumu dengu kuwa za zamani, kumbe wamezikaza wenyewe. Asidi ya tufaha moja kwenye sufuria kubwa hivi haileti shida.

Toa kuku, chambua nyama, tupa ngozi na mifupa. Saga nusu tu ya kilichobaki. Ukisaga yote unapata uji, na raha ya supu hii ni kukutana na kipande cha karoti. Kama blenda yako ni ya jagi, acha supu ipoe kwanza, usijaze kupita nusu, na acha mvuke utoke. Mvuke wa supu ya moto hurusha kifuniko, na dengu ya moto hunata kwenye ngozi.

Rudisha nyama, tia tui, pasha kwa moto mdogo dakika 5 bila kuchemsha kwa nguvu. Tui likichemka sana hukatika, mafuta yakaelea juu. Ladha haiharibiki, sura ndiyo inayoharibika. Epua, kamulia nusu ya ndimu, onja, ndipo uamue kuhusu nusu ya pili.

Nyota iliyopotea ni ya mabaki. Dengu zinaendelea kunywa maji usiku kucha, na asubuhi upawa unasimama wima ndani ya sufuria. Mililita 100 za maji ya moto kwa kila bakuli zinairudisha, ila chumvi na ndimu lazima vionjwe tena. Wali, kwa wanaoupenda humo, upikwe kando na uwekwe bakulini wakati wa kula; ukilala ndani ya supu, kesho hakuna supu.

Je, malai badala ya tui? Inakubalika, ingawa ladha inakuwa nzito na butu, na pilipili inazama. Toleo lisilo na kuku, lenye dengu gramu 220, linakaribia sana kulishinda hili.

Kwenye friji inakaa siku 3. Ya kugandisha itolewe kabla ya kutiwa tui. Na mkate uwe wa ganda gumu, vipande viwili kwa bakuli, bila dola 3 za George.