Jenereta za akiba za nyumbani: ipi itawaka baada ya miezi mitatu ya kukaa kimya?

Jenereta ya akiba hufanya kazi saa chache kwa mwaka, na muda wote uliobaki hukaa pembeni imefunikwa turubai. Kwa hiyo haifai kupimwa kama jenereta ya saiti inayounguruma kutwa. Ukubwa wa nambari kwenye stika, magurudumu na rimoti ya kuwashia si mambo yanayoamua. Kinachoamua ni kama injini itawaka siku umeme ukikatika baada ya miezi mitatu ya kimya, kisha ikabeba friji na pampu ya maji bila volti kuporomoka. Kwa kipimo hicho, mashine kadhaa zinazosifiwa sana dukani hazifai, na nyingine ndogo zisizotazamwa ndizo bora.

Anza na kibati, uachane na stika. Stika kubwa ya ubavuni hutaja nguvu ya juu kabisa, ambayo mashine huimudu kwa muda mfupi tu. Nguvu ya kudumu iko kwenye kibati kidogo kilichopigiliwa kwenye fremu au kwenye koili (sehemu inayozalisha umeme), na tofauti yake aghalabu ni kama asilimia 10: stika 5.5 kW, kibati 5.0. Kwenye mashine za dizeli utakuta herufi ESP au PRP. ESP ni nguvu ya dharura. Kwa kiwango cha ISO 8528 maana yake ni saa zisizozidi 200 kwa mwaka, na wastani wa mzigo usiopita asilimia 70. PRP ni nguvu ya mashine inayotegemewa muda mrefu, yenye mzigo wa kupanda na kushuka. Pale umeme unapokatika kila wiki kwa saa nyingi, nunua kwa kutazama PRP. Angalia pia kVA, kipimo cha nguvu ambacho si chote hufanya kazi: kwa mashine za fezi tatu zidisha kwa 0.8 upate kilowati, yaani 10 kVA ni 8 kW. Mwinuko nao hula nguvu. Injini ya kabureta hupoteza takriban asilimia 3.5 kwa kila mita 300 kutoka usawa wa bahari, hivyo kwenye mita 1,500 mashine ya 5 kW hubaki na kama 4.1.

Kwenye hesabu ya mzigo ndiko pesa nyingi hupotea, na mara nyingi hupotea kwa kununua kubwa mno. Chukua nyumba yenye friji ya wati 150, taa kumi za LED za wati 9, televisheni ya wati 100, ruta ya wati 15 na pampu ya maji ya nguvu-farasi moja inayovuta kama wati 1,100. Vyote vikiwaka pamoja, jumla haifiki wati 1,500. Tatizo ni sekunde moja ya kuanza: mota ya kawaida huvuta mara tatu hadi sita ya mkondo wake wa kawaida inapoondoka. Pampu hiyo ikianza kwa mara tatu tu inadai wati 3,300, na juu yake kuna wati 355 za vitu vingine. Ukiiwasha mwisho, unahitaji mashine yenye uwezo wa kutoa karibu 4 kW kwa kitambo. Ukiiwasha kwanza peke yake, kisha friji, kisha vingine, 3.5 kW inatosha. Utaratibu huo wa kuwasha hauna gharama yoyote, na unafaa kuandikwa kwenye karatasi na kubandikwa kando ya swichi. Birika la umeme, pasi na hita ya maji visiingie kwenye hesabu kabisa. Kimoja tu kinaweza kudai wati 2,000, na ni afadhali kupika kwa gesi.

Sasa mashine zenyewe.

Ndogo kabisa ni ile ya kubebwa kwa mkono mmoja, inayotumia petroli iliyochanganywa na oili na kutoa kama wati 650. Ina faida ya bei na wepesi. Inafaa kwa taa, televisheni na kuchaji simu, basi. Friji yenye kompresa ya kawaida itaizima au, vibaya zaidi, itaivuta volti chini hadi mota ya friji ianze kuungua huku injini bado inazunguka. Mchanganyiko wa 50 kwa 1 ni mililita 20 za oili kwa lita ya petroli. Anayekisia kwa macho ama hukwamisha pistoni kwa oili kidogo, ama huchafua plagi ya cheche kwa oili nyingi. Kwa nyumba yenye friji, hatuishauri.

Ya fremu ya wazi, petroli, 3 hadi 7 kW, yenye AVR (kifaa cha kutuliza volti), ndiyo inayouzwa zaidi, na kwa kazi ya akiba ni chaguo zuri likitunzwa. Injini huzunguka mara 3,000 kwa dakika kwa umeme wa 50 Hz (mizunguko 50 kwa sekunde), au 3,600 kwa 60 Hz, iwe na mzigo au haina. Kwa hiyo kelele na matumizi ya mafuta hayashuki sana hata ukiwa umewasha taa mbili. Jambo la kuchungulia ni koili. Baadhi zimesukwa kwa alumini, au alumini iliyopakwa shaba, ambazo hupata joto mapema kwa mzigo ule ule. Mwambie muuzaji afungue kifuniko cha nyuma, ulizia koili kwa jina lake, na linganisha uzito: kati ya mashine mbili zenye nguvu sawa kwenye kibati, iliyo nyepesi kwa kilo kadhaa bila maelezo inatia shaka.

Jenereta ya inveta ndiyo tunayoipa alama ya juu kwa nyumba ya kawaida. Hutengeneza umeme, huugeuza kuwa mkondo mnyoofu, kisha huutengeneza upya ukiwa safi, hivyo kasi ya injini hufuata mzigo. Honda EU22i, inayojulikana sana katika kundi hili, ina injini ya 121 cc, tangi la lita 3.6, uzito wa kilo 21 na nguvu ya kudumu ya wati 1,800. Kwa mzigo kamili huenda zaidi ya saa tatu, na kwa robo ya mzigo huenda saa nane. Mbili zinaweza kuunganishwa kwa waya maalumu. Kompyuta, ruta na UPS (kisanduku cha betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika) huukubali umeme wake bila kelele, wakati mara nyingi UPS hukataa umeme wa fremu ya wazi na kuendelea kula betri yake hadi iishe. (Kama UPS ina mpangilio wa unyeti, uweke chini, mara nyingi hilo linatosha.) Udhaifu wake ni bei, na sakiti ya inveta ambayo ikiungua hubadilishwa nzima.

Dizeli ni mbili tofauti na haifai kuzichanganya. Ile ya silinda moja, inayopozwa kwa hewa, inayozunguka mara 3,000 ndani ya sanduku linaloandikwa “kimya”, ndiyo tunayoikataa waziwazi: nzito, yenye mtetemo, ina kelele kuliko jina lake, na joto ndani ya sanduku hufupisha maisha ya koili. Ile inayopozwa kwa maji, mara 1,500 kwa dakika, ni mashine ya heshima; hutumia takriban lita 0.3 kwa kila uniti ya umeme inapobeba robo tatu ya mzigo, na oili yake kwa kawaida hubadilishwa kila saa 250. Lakini haipendi mzigo mdogo. Ikiendeshwa muda mrefu chini ya asilimia 30, mafuta hayaungui yote, masizi hujaa kwenye nozeli na bomba la moshi, na majimaji meusi huanza kuchuruzika kwenye viungo vya bomba. Nyumba inayotumia 2 kW usiku kisha ikanunua dizeli ya 16 kW inajiandalia ugonjwa huo.

Ya gesi, iliyofungwa nje kwenye kabati lake na kuwaka yenyewe, hufaa palipo na bomba la gesi au tangi kubwa. Gesi haiozi wala haigandi kwenye kabureta, na hiyo ni sifa kubwa sana kwa mashine inayokaa bila kazi. Hesabu upungufu wa nguvu ukilinganisha na petroli, na hakikisha bomba na regyuleta vinamudu mtiririko inaodai ikiwa na mzigo kamili. Kabati nyingi huzimika kwa mzigo mkubwa kwa sababu ya bomba jembamba tu.

Kuhusu kuunganisha na nyumba hatuna huruma. Waya wenye plagi ya kuchomeka pande zote mbili, wa kurudisha umeme kupitia soketi ya ukutani, unaua. Umeme huo hutoka hadi kwenye transfoma ya mtaa, hupandishwa kuwa maelfu ya volti, na fundi aliye juu ya nguzo anaamini laini imezimwa. Inayotakiwa ni swichi ya kugeuzia, ambayo mafundi wengi huiita chenjova, yenye nafasi tatu: gridi, sifuri, jenereta. Haiwezi kuunganisha vyanzo viwili kwa pamoja. Fundi mwenye leseni aamue pia nyutro ifungwe wapi na ardhi. Mashine nyingi za kubeba huja na nyutro isiyofungwa, na hapo kifaa cha kukata umeme unaovuja kinaweza kukaa bila kufanya kazi ukidhani unalindwa. Ukitaka ya kujigeuza yenyewe, idai mipangilio mitatu: kusubiri sekunde kadhaa kabla ya kuwasha injini ili isishtuke kwa kila mkatiko mfupi, kusubiri dakika kadhaa gridi ikirudi hadi itulie, na kuiacha injini ipoe dakika kama tano bila mzigo kabla ya kuzima.

Mahali pa kuiweka: nje, angalau mita 6 kutoka nyumbani, bomba la moshi likielekea mbali na madirisha na milango. Gereji iliyofunguliwa mlango si nje. Monoksidi ya kaboni haina harufu wala rangi, na watu hufa wakiwa usingizini. King'ora chake chumbani ni sehemu ya bei ya jenereta.

Sababu za kutowaka ni chache. Kwa mashine za petroli, ni petroli iliyolala. Ndani ya mwezi mmoja au miwili huanza kupoteza wepesi wake, huacha utando kama gundi, na tundu la jeti ya kabureta, ambalo ni jembamba kuliko sindano, huziba. Dalili yake ni injini inayowaka kwa choki tu, au inayopanda na kushuka kasi. Kila unapomaliza, funga koki ya mafuta uiache injini iishiwe yenyewe, kisha fungua skrubu iliyo chini ya kikombe cha kabureta umwage yaliyobaki. Kwa zenye stata, mchawi ni betri. Betri ya volti 12 iliyotulia isome kama 12.6, ikisoma chini ya 12.4, ichaji kabla hujalaumu injini. Iwekee chaja ndogo ya kudumu, na uibadilishe baada ya miaka mitatu au minne hata kama bado inajikongoja. Kwa dizeli, tatizo ni maji: tangi lililojaa nusu hutoa jasho ndani, kwa hiyo lijaze, na fungua kizibo cha kitenganishi cha maji mara kwa mara.

Lipo pia lile la injini kunguruma vizuri lakini soketi hazina umeme. Baada ya kukaa muda mrefu, usumaku uliobaki kwenye rota huweza kupotea. Fundi huurudisha kwa dakika chache akitumia betri ya volti 12. Kwenye mashine zisizo na brashi, kapasita iliyochoka hutoa dalili hiyo hiyo, na bei yake ni ndogo. Usikubali kuuziwa koili mpya kabla hivyo viwili havijapimwa.

Iwashe kila mwezi kwa dakika 30 ikiwa na mzigo usiopungua theluthi moja. Kuiwasha dakika tano bila mzigo hakuikaushi unyevu. Oili ya kwanza ya injini ndogo imwagwe baada ya saa 20 hivi, kwa sababu ina vumbi la chuma la injini mpya. Baada ya hapo kila saa 100 au miezi sita, lolote litakalotangulia.

Kabla ya kulipa, dai jaribio la mzigo dukani. Mashine ya 50 Hz isiyo ya inveta, bila mzigo, isome karibu 52 Hz. Chomeka hita au mabirika hadi ufikie nguvu ya kibati, uiache dakika 20. Isishuke chini ya 49 Hz, na volti za mashine ya 230 zisianguke chini ya 215. Kisha ondoa mzigo wote kwa mkupuo: volti zikiruka kupita 250 na kubaki huko, AVR ni mbovu au dhaifu. Muuzaji anayekataa jaribio hili, muache. Anayekubali, mwombe siku hiyo hiyo plagi mbili za cheche, filta ya hewa, seti ya brashi, AVR ya akiba na gasketi ya kikombe cha kabureta, vyote vya modeli hiyo. Kama hana hata kimoja kwenye rafu, mashine hiyo haina vipuri.