Pete ya ndoa ya kukaa na pete yangu ya tanzanaiti: uzoefu wangu na sonara wa Mwanjelwa

Pete yangu ya uchumba ni ya dhahabu ya njano, karati 18, na ina jiwe moja la tanzanaiti lenye umbo la yai. Naipenda sana, ila ndiyo iliyofanya kutafuta pete ya ndoa kuwe kazi kweli kweli. Jiwe limekaa chini, karibu na kidole, na kikombe kinacholishika kimetokeza pembeni kuliko mzingo wa pete wenyewe. Ukivaa kando yake pete ya ndoa iliyonyooka, inagota kwenye kikombe na katikati inabaki nafasi ya kupitisha ukucha. Wauzaji wengi watakwambia nafasi hiyo haionekani. Inaonekana. Na hata isingeonekana, pete mbili zisizokaa pamoja kila moja inazunguka kivyake, zinasuguana siku nzima, na kila kitu chembamba kinaingia katikati.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mbeya, nashona zaidi magauni ya harusi na ya send-off, kwa hiyo kwangu hicho kitu chembamba ni uzi. Lesi ikinasa kwenye kijino cha pete, vile vidogo vinavyolishika jiwe, huisikii mpaka umeshavuta, na ukishavuta, tundu moja limekuwa matatu na kitambaa ni cha mteja. Kwa hiyo nilipoanza kutafuta nilikuwa na masharti mawili tu: pete ikae na mwenzake bila nafasi, na isiwe na kitu cha kunasa. Urembo niliuweka wa tatu.

Nilianza na maduka ya mjini kwa sababu ndiko kila mtu alikonielekeza. Pete zao za ndoa nyingi huja tayari, zimepangwa kwenye visanduku, na nyingi zimeundwa kuvaliwa peke yake au na mwenzake wa seti ileile. Duka moja walinisifia pete nyembamba iliyopangwa vialmasi nusu mzunguko. Ilipendeza, sikatai. Lakini tanzanaiti si jiwe gumu. Kwenye kipimo cha Mohs, cha ugumu wa mawe, ambacho almasi ni 10, tanzanaiti iko kati ya 6 na 7. Ukipanga almasi ubavuni mwa tanzanaiti halafu ukazivaa kila siku ukiosha vyombo, ukikunja kitambaa na kuingiza mkono mfukoni, almasi itaikwaruza. Nilimwambia muuzaji, akasema hilo halijawahi kutokea. Nikaomba kuiona pete kwa ndani. Yeye alikuwa ameniambia ni karati 18. Muhuri wa ndani ulisomeka 375. Nikairudisha kisandukuni nikaaga.

Kwa asiyejua namba hizo: 375 ni karati 9, yaani dhahabu halisi ni sehemu 375 katika 1,000 na zilizobaki ni metali nyingine kama shaba na fedha. 585 ni karati 14, 750 ni karati 18, 916 ni karati 22. Karati 9 si kitu kibaya, ni ngumu na bei yake ni nafuu, mradi uuziwe kwa jina lake. Ila kwa pete mbili zitakazokaa zikigusana miaka yote, ni afadhali ziwe na karati moja. Rangi zitalingana, na iliyo ngumu haitaimaliza iliyo laini.

Sonara nilielekezwa na dada mmoja mpambaji wa maharusi. Yuko maeneo ya Mwanjelwa, kibanda kidogo chenye meza, taa, na ngozi iliyofungwa chini ya meza kudaka vumbi la dhahabu anapopiga tupa. Ni mzee wa makamo, mpole, haongei sana. Nilimwamkia, akaitikia, akaomba pete kabla hajauliza nataka nini. Akaivaa lenzi jichoni, akaitazama pande zote, kisha akasema, "Mwanangu, hili jiwe moto hauliwezi. Chochote tutakachofanya, tutafanya kwenye ile pete nyingine." Hapo nikajua nimefika kwa mtu anayejua kazi.

Nilikuja na wazo la kuunganisha pete mbili kwa kulehemu ziwe kitu kimoja. Wapo wanaofanya hivyo na inawafaa. Alinieleza kwa nini kwangu haifai: tanzanaiti inaweza kupasuka ikipata joto la ghafla, kwa hiyo ingebidi alitoe jiwe kwanza, alehemu, alirudishe, na kila ukikunja na kukunjua vijino unavidhoofisha. Tena zikishaungana huwezi kuvaa moja bila nyingine. Mimi kazini navua ya uchumba, nabaki na ya ndoa. Wazo likaishia hapo.

Wazo la pili lilikuwa hereni za bibi. Bibi yangu aliishi Chunya enzi ambazo watu walikuwa bado wanazungumzia dhahabu ya Lupa, machimbo ya hukohuko Chunya, kila jioni, na hereni zile alisema zilitengenezwa hukohuko. Nilitamani ziyeyushwe ziwe pete yangu. Sonara hakuniahidi kitu. Alichukua jiwe lake jeusi, laini kama kigae, akasugua hereni mpaka ukabaki mstari wa njano, pembeni yake akasugua kipande cha dhahabu ya karati 18 anachokijua. Akadondosha tindikali juu ya mistari yote miwili. Ule wa kipande chake ukabaki unang'aa. Ule wa hereni ya bibi ukafifia mbele ya macho yangu, ukawa kama doa la chai, kisha ukapotea. Akaniambia dhahabu imo, ila iko chini ya 18, na kwenye maungio kuna risasi ya kulehemu isiyojulikana. Akiichanganya, pete itatoka na rangi tofauti na inaweza kufanya nyufa. Angeweza kuzichukua, kukata bei na kunyamaza. Alinifungia kwenye karatasi akanirudishia. Nitazivaa hereni zenyewe, na ndivyo bibi angependa.

Sasa habari ya kipimo, ambayo watu wengi wanaipita haraka. Usipime kidole kwa uzi. Nasema hivyo nikiwa mtu wa uzi: unavutika, na ukiulegeza kidogo umeshabadilisha saizi. Sonara ana kishada cha pete za kupimia, na mzunguko wa kidole changu ulitoka milimita 54 na kitu, sawa na upana wa ndani wa milimita 17.3. Lakini alinipima asubuhi ya mwezi wa saba, na nyie mnaoishi huku mnaijua asubuhi ya Mbeya mwezi wa saba. Vidole vinasinyaa. Ukweni kwangu ni Kyela, chini kule kwenye joto la Ziwa Nyasa, ambako vidole vinajaa hata ukikaa tu barazani. Akaniambia nirudi mchana baada ya jua kuwaka, na nije nimetoka kazini. Kweli, saizi ilisogea. Akanivisha pia pete mbili za kupimia kwa pamoja, kwa sababu pete mbili zikikaa kwenye kidole kimoja zinabana kama pete moja pana, hata kama kila moja peke yake inapita vizuri. Hilo sikuwahi kulisikia dukani hata mara moja.

Umbo tulilokubaliana ni hili. Pete ina upana wa milimita 2.5, ukingo mmoja umenyooka kabisa, na ukingo wa upande wa jiwe una kibonde kidogo cha kupokea kikombe. Wapo wanaochagua pete iliyopinda yote kama upinde, na kwenye picha ya mkono wenye pete mbili inavutia, lakini ukivua ya uchumba unabaki na kitu kinachoonekana kimekunjwa. Ya kwangu ukiivaa peke yake utafikiri ni pete ya kawaida. Ndani ameiviringisha kidogo, haina makali kwenye ngozi. Alikata kile kibonde kwa tupa nyembamba, akiijaribu pete kwenye mwenzake kila baada ya mapigo machache, akiinyanyua juu ya taa kuangalia kama mwanga bado unapita katikati. Mwishoni mwanga ukakatika. Aliponivisha zote mbili niligeuza mkono, nikavuta kipande cha lesi juu yake kwa makusudi, na lesi ikateleza moja kwa moja. Nilifurahi mpaka nikamshika mkono.

Kwa upande wa hela, nitaeleza hesabu badala ya bei, maana bei ya dhahabu inabadilika kila siku. Bei ya dunia hutajwa kwa aunsi, na aunsi ya dhahabu ni gramu 31.1. Igawe upate bei ya gramu moja ya dhahabu halisi. Pete yangu ilikuwa na gramu 3.2; kwa karati 18 dhahabu halisi ndani yake ni robo tatu, yaani gramu 2.4. Zidisha hapo, halafu ongeza ufundi na upotevu wa vumbi. Ukiijua hesabu hii, ukitajiwa bei utaona mara moja unalipia dhahabu au unalipia kisanduku. Dhahabu alitoa mwenyewe, akanionyesha alivyoipima mbele yangu. Kuna ndugu alijitolea kutuletea "ya moja kwa moja" kutoka kwa wachimbaji, tulikataa. Tangu 2019 kuna masoko ya madini, Chunya ikiwemo, na dhahabu inapaswa kupita huko. Sitaki pete ya ndoa yenye historia ya kujificha.

Yasiyonifurahisha yapo. Advansi ya nusu aliipokea bila karatasi mpaka nilipoomba, na ilibidi nisimamie mwenyewe risiti iandikwe uzito na karati, si "pete moja" tu. Siku aliyosema itakuwa tayari haikuwa tayari, na ukiwa na kamati ya harusi inayouliza kila jioni kwenye kundi la WhatsApp, kuchelewa kunauma. Maandishi ya ndani, herufi zetu mbili, ameyachora kwa mkono na ni hafifu. Sababu aliyotoa ni kwamba pete nyembamba haichimbwi sana, na naikubali, ila ningependa aniambie mapema. Muhuri wa 750 upo, umesomeka vizuri.

Pete ya mume wangu hatukuitengeneza kwa sonara huyu. Alitaka ya tungsteni ya kijivu, akaipata dukani kwa bei ndogo. Ajue tu, na nilimwambia, kwamba tungsteni haipanuliwi wala kupunguzwa. Kidole kikinenepa ananunua nyingine, na ikikwama inavunjwa, haikatwi kama dhahabu.

Kanisani, kwetu Wamoraviani, mchungaji alituomba tulete pete za ndoa tu kwenye kibakuli. Ya uchumba niliihamishia mkono wa kulia asubuhi ile, na baada ya ibada shangazi akanirudishia kushoto, juu ya ile ya ndoa. Zikakaa. Tangu siku hiyo nimeshona, nimefua, nimesonga ugali, nimekwenda Kyela na kurudi, na hazijaachana. Ya tanzanaiti naisafisha kwa maji ya vuguvugu, sabuni laini na mswaki wa mtoto, na simruhusu mtu aitie kwenye mashine ya kusafishia vito kwa kutetemesha, kwa sababu ile nayo inaweza kulipasua jiwe.

Kama unataka pete leo na harusi ni Jumamosi, sonara huyu hakufai, nenda dukani ila soma muhuri. Kama una muda wa kutosha na pete ya uchumba yenye umbo gumu, mwendee. Nenda na pete yenyewe ikiwa kidoleni, mchana, na umwombe akupime kwa mbili kabla hajaandika saizi yoyote.