Miwani ya karatasi ya kutazamia jua likipatwa: nilivyoitumia Mtwara

Nyota tatu kati ya tano. Ningetoa nne, ila muuzaji ameniharibia.

Siku mbili kabla ya jua kupatwa tarehe 1 Septemba 2016, nilinunua miwani mbili kwa machinga Mtwara mjini, elfu tano kila moja. Moja imeandikwa ISO 12312-2, yaani namba ya kiwango cha kimataifa cha miwani ya kutazamia jua, nyingine haina maandishi yoyote. Nilipofika nyumbani nikaivaa ile ya kwanza na kuwasha tochi ya simu: giza totoro, mpaka nilipoileta tochi karibu kabisa na uso ndipo nikaona kinukta hafifu. Nikavaa ya pili. Nikamwona bibi uani anachambua mchicha! Niliichana palepale. Maandishi nayo si ya kutegemea peke yake, maana mwenye kughushi miwani hashindwi kughushi namba.

Pete kamili, yaani mwezi katikati na jua likibaki duara la mwanga pembeni, waliiona wenzetu wa Rujewa kule Mbarali. Mtwara tulikuwa pembeni ya njia ya kivuli, kwa hiyo jua lilibaki kama ukucha. Lilianza kumegwa baada ya saa nne asubuhi, likafika ukomo saa sita na dakika zake, na saa hizo huku kwetu jua liko utosini. Hakuna aliyenitahadharisha kuhusu shingo. Tulitandika mkeka nje tukalala chali, watu sita kwa miwani moja, kwa zamu.

Kwenye kutazama sina lawama: jua la rangi ya chungwa, kingo safi, ingawa ni dogo kuliko nilivyotegemea. Shida ni mikono yake ya karatasi. Haishiki kabisa kwenye masikio ya mtoto, akigeuka kidogo tu miwani inadondoka na jua linamwingia jichoni. Watoto wote niliwashikia mwenyewe.

Bibi alitaka beseni la maji, kama walivyofanya zamani. Nikamwomba asifanye hivyo, kwani jua la kwenye maji nalo linaunguza jicho, na ndani kule jicho haliumi ukajua kwamba linaungua. Akaniacha na miwani yangu, akaenda kukaa chini ya mkorosho. Punde nasikia, "Mjukuu wangu, njoo huku, mbona huku bure?" Mchanga wote ulikuwa umejaa vijijua vilivyopinda kama mwezi mwandamo, kila upenyo wa majani na kijijua chake. Watoto wakahamia huko, nikabaki mkekani peke yangu na elfu tano yangu usoni.

Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa lote kule Luxor, Misri, kwa zaidi ya dakika sita. Sisi tutapata kipande. Nitanunua tena, maana ile ya zamani imekwaruzika nikaitupa. Safari hii tochi naiwasha mbele ya muuzaji, kabla sijatoa hela.