GlusterFS: siku printa yetu ilipochapisha ripoti ya seva

Natunza seva za duka la uchapaji Nasser Road, Kampala. Anayeujua mtaa huu msimu wa uchaguzi hahitaji maelezo: mabango ya wagombea yanapangwa hadi usiku wa manane, bango moja MB mia kadhaa, na kila mteja anaapa kwamba lake ndilo lilitangulia. Kazi zote tumeziweka kwenye GlusterFS, programu inayounganisha diski za seva kadhaa ziwe hifadhi moja; kwetu ni seva tatu zinazobeba nakala ileile. Naipa nyota 4 kati ya 5. Kwa kuhifadhi data sina ugomvi nayo. Ninachotaka kueleza ni mahali inapoandika mafaili yake ya uchunguzi, maana hapo ndipo iliponiaibisha.

Tulianza na toleo 3.13.2, lile lililokuja na mfumo endeshi wa Ubuntu 18.04. Ukitaka kujua mfumo unatumia muda wapi, unawasha kwanza vipimo viwili, `diagnostics.latency-measurement` na `diagnostics.count-fop-hits`, halafu kwenye kompyuta iliyounganishwa na hifadhi unatoa amri hii:

`setfattr -n trusted.io-stats-dump -v /tmp/takwimu.txt /mnt/kazi`

Takwimu zinaandikwa kwenye njia uliyotaja. Jambo ambalo wengi hawaling'amui ni kwamba haziandikwi kwenye kompyuta yako peke yake. Amri inasafiri hadi kwenye seva, na kila seva nayo inaandika faili lake kwenye njia hiyohiyo, kwa mamlaka ya root (msimamizi mkuu wa mashine), ilimradi saraka hiyo, yaani folda, ipo huko.

Kijana wetu wa kompyuta za usanifu alikuwa na root kwenye mashine yake tu. Kwenye seva hakuwa na hata akaunti. Siku moja, badala ya `/tmp` akaandika `/srv/foleni`, kwa kuwa ndiyo saraka aliyoizoea. Kwenye seva mojawapo, `/srv/foleni` ndiyo foleni ya printa: skripti yangu inachukua chochote kilichotua humo na kukipeleka kuchapishwa. Nikasikia printa ya A3 inaunguruma bila kazi iliyopangwa. Ikatema karatasi za kung'aa, zile ghali, zimejaa safu za tarakimu: READ (kusoma), WRITE (kuandika), LOOKUP (kutafuta faili), wastani, kima cha chini, kima cha juu.

“Banange, mgombea gani huyu wa namba tupu?” mama mwenye duka akauliza, ameshika karatasi mkononi.

“Mama, hiyo ni ya kwangu,” nikasema, ingawa haikuwa yangu. Kijana alikuwa amesimama mlangoni, kimya.

Tulicheka, ila usiku sikupata usingizi. Kama mtu asiye na akaunti kwenye seva anaweza kuifanya seva iandike faili popote kwa mamlaka ya root, basi printa ni bahati. Ni kweli GlusterFS huongeza jina lake mwishoni mwa jina la faili, kwa hiyo si rahisi kufuta faili lililokuwepo. Lakini kuzalisha faili jipya mahali lisipotakiwa, mlango ulikuwa wazi. Nilipotafuta nikakuta dosari hiyo ilishasajiliwa mwaka 2018 kwenye orodha ya dosari za usalama, namba CVE-2018-10904, na marekebisho yalishatoka. Mimi ndiye niliyelala.

Jumapili moja tukazima kila kitu, tukahamia Ubuntu 22.04 na GlusterFS 10.1. Sasa takwimu zinaandikwa chini ya saraka moja tu, `/var/run/gluster`. Unatoa jina la faili, basi. Ukijaribu kuchomoka kwa `../`, alama ya kupanda kwenye saraka ya juu, inakukatalia. Nilimwita kijana, nikamwambia ajaribu tena ile njia ya foleni. Printa ikanyamaza. Kwa hilo peke yake nawapongeza waandishi wake. Hawakuondoa kifaa, wamekifunga kamba.

Nyota ya tano nimeinyima kwa sababu ya pale kamba ilipofungwa. `/var/run` kwenye Ubuntu ni kiungo cha kwenda `/run`, na `/run` inaishi kwenye RAM. Wiki ya pili umeme ulikatika, betri za inveta zikaisha kabla jenereta haijawaka, na takwimu za siku tatu nilizokuwa nikikusanya kila saa zikaenda na umeme. Hazikubaki hata herufi. Halafu kuna nafasi: seva zetu zina RAM ya GB 8, na `df -h /run` inanionyesha MB 790 hivi. Takwimu hizi ni ndogo, lakini amri nyingine ya uchunguzi, `gluster volume statedump`, nayo inaandika hapohapo kwa kawaida, na yenyewe humwaga hali ya kumbukumbu na orodha ya mafaili yaliyo wazi. Ukiirudia kila baada ya dakika chache, saraka inavimba upesi.

Ya statedump ina dawa. Msimamizi anaweza kuihamisha kwa `gluster volume set kazi server.statedump-path /var/log/uchunguzi`. Nimeitengeneza saraka hiyo iwe ya root peke yake, ruhusa 0700. Hili halinitii wasiwasi kama lile la zamani, kwa kuwa anayechagua njia ni mwenye seva, si mtu yeyote aliyeunganishwa. Zile takwimu za mwanzo, za io-stats, nimeziandikia skripti ya mistari minne: inatoa amri, inasubiri sekunde mbili, inahamisha mafaili kwenda `/var/log/uchunguzi`, inafuta yaliyozidi siku kumi. Kazi hiyo ningependa ifanywe na programu yenyewe.

Umeme ulipokatika mara iliyofuata, takwimu nilizikuta salama, na ndizo zilizonionyesha mwizi wa muda. Hazikuwa zile MB mia kadhaa za mabango. LOOKUP ilikuwa imezizidi READ na WRITE kwa mbali, kwa sababu ya folda moja yenye maelfu ya picha ndogondogo za wagombea wa uchaguzi uliopita, ambayo programu ya usanifu iliikagua kila ilipofunguliwa. Tukaihamishia kwenye diski ya nje.