Elfu 30 za fundi wa Unga Limited

Nilikuwa nimeipenda Toyota IST ya mtu binafsi kule Njiro, Arusha, milioni 9 na nusu. Nikambeba fundi mmoja wa kata ya Unga Limited aikague, elfu 30, boda juu yangu. Injini hakuigusa kwanza. Alifunua kapeti ya buti, akatoa spea taili, akamulika tochi: bati limenyooshwa kwa nyundo, silikoni imepakwa kwa kidole. "Kaka, hii ilipigwa nyuma." Mwenye gari ghafla akawa na meseji za kusoma.

Kadi ya gari nayo? Namba ya chesisi ililingana, jina sasa: eti la shemeji, yuko Dar. Deni la faini za trafiki nililicheki mwenyewe kwenye simu, likawepo. Sheria ya mauzo ya bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji awe na haki ya kuuza; ubora wa gari la mtu asiye mfanyabiashara, hapo ni macho yako tu. Nikaaga.

Kasoro ya fundi: alichelewa saa nzima, na mashine ya kupimia aliazima kwa jirani. Ila Jumamosi namchukua tena, kuna Toyota Passo kule Sakina.